Fuata Mzizi: Kuotesha Mimea ya Asili Katika Ua wa Mombasa

Ukichimba shimo Tudor, Kizingo au Nyali, mara nyingi jembe hugonga jiwe kabla hujafika futi mbili. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa ufuo vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na udongo uliolala juu yake ni haba, umejaa chokaa, na hauhifadhi maji. Miti mingi tunayonunua ikiwa na maua mazuri hufika kwenye jiwe hilo ikasimama. Mwaka wa kwanza hupendeza kwa sababu ya samadi ya shimoni, mwaka wa pili majani huanza kuwa manjano, na kaskazi ikivuma Januari mti hukauka hata ukiumwagilia kila jioni.

Mbambakofi, mkwaju na mbuyu wana tabia nyingine. Mzizi wao mkuu hutangulia. Kabla mche haujawa na majani manne, mzizi umeshateremka mara kadhaa ya urefu wa shina, ukitafuta ufa katika jiwe ili upite uende kwenye unyevu. Kila ninachokieleza hapa kinategemea jambo hilo moja: mlee mzizi, na shina litajilea.

Nililijua kwa hasara. Niliwahi kuweka miche miwili ya mbambakofi katika makopo ya maziwa ya unga kwa karibu miaka miwili, nikiingoja ikue ndipo niipande. Ilipendeza machoni. Nikaipanda masika yalipoanza, na kufikia Februari yote miwili ilikuwa imekufa. Nilipoing'oa nikakuta mzizi umezunguka na kujifunga kama kamba ndani ya umbo la kopo lile lile, wala haukuwa umeteremka hata kidogo. Tangu hapo chombo kirefu kwangu ni muhimu kuliko mbolea.

Kipi ni cha hapa na kipi kilikuja

Mwarobaini, ambao wengi wetu huuita mkilifi, una manufaa mengi na uko kila mtaa, lakini asili yake ni Bara Hindi. Huku pwani umejipenyeza hata katika misitu, ukichukua nafasi ya miti ya humo, kwa hiyo mimi sioteshi mwingine. Mlangilangi na asumini tunayotungia vikuba vilitoka mashariki, ng'ambo ya bahari. Hivyo havina ubaya wowote uani, viache vinukie. Mvinje nao ni mgeni, ingawa ulitenda kazi kubwa: mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuupanda katika machimbo ya chokaa ya Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu, na majongoo yakala majani yake makavu yakayageuza kuwa udongo ambao baadaye ulibeba miti mingine. Sehemu ya machimbo hayo ndiyo leo Haller Park, bustani ya miti na wanyama.

Vya hapa ni vile vinavyoota katika misitu ya kaya na vichaka vya pwani bila ya mtu kuvipanda: mbambakofi, mvule, mkwaju, mbuyu, mkoma, mkindu, mbungo, kivumbasi, subili za porini, na mboga kama mchunga na mgagani. Ukitaka kujua mti wa kienyeji unavyokuwa ukiachwa, nenda Rabai utembee na mzee wa kaya. Lakini usichume, usiokote mbegu, wala usivunje tawi. Misitu ile ni mahali pa ibada na makaburi ya wazee wa Kimijikenda, na tangu 2008 baadhi yake imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mbegu utazipata kwingine.

Pima ua wako kabla ya kupenda mti

Mkwaju unataka mita 8 hadi 10 kutoka ukutani. Mbuyu haufai kabisa katika kiwanja cha kawaida cha mjini. Tazama ile mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, kisha ufikirie mmoja wao kando ya jiko lako. Mkuyu na jamaa zake usiwasogeze karibu na tangi la maji taka, kisima au msingi wa nyumba, kwa maana mizizi yao hufuata maji popote yalipo.

Mbambakofi hukua taratibu na kivuli chake ni chepesi, nao ndio mti ninaoupendekeza kwa mwenye ua wa wastani Kisauni, Mtwapa au Likoni. Anayeishi Mji wa Kale na ana paa au kiwambaza tu, aanze na kivumbasi, subili na waridi la jangwani katika vyungu.

Angalia na udongo. Kisauni kuna mchanga mwingi, maji hupita upesi. Changamwe na Miritini udongo ni mfinyanzi mzito unaoshika maji masika na kupasuka kiangazi. Kwenye matumbawe jambo la kukumbuka ni moja: usiongeze majivu wala chokaa. Udongo tayari una chokaa ya kutosha, na majivu huzidisha ule umanjano wa majani unaobakiza mishipa tu ikiwa kijani.

Kalenda huanzia mwisho

Mche wa kienyeji hupandwa ardhini mvua za masika zikishaloweka udongo, yaani kuanzia mwisho wa Aprili. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Mche uliopandwa wakati huo hupata karibu miezi minane ya kushusha mzizi, ukisaidiwa na vuli za Oktoba na Novemba, kabla ya kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Basi hesabu kurudi nyuma. Mkwaju uoteshe Desemba. Mbambakofi uoteshe Januari au Februari, usiuwahishe zaidi ya hapo. Vipandikizi vya kivumbasi huchukua wiki chache tu, kwa hiyo vinaweza kungoja Machi.

Ukichelewa, lenga vuli, lakini ujue kwamba utakuwa na kazi kubwa ya kumwagilia.

Kupata mbegu

Okota maganda yaliyokomaa na kuanguka yenyewe, kutoka miti kadhaa ukiweza, na kama mti uko kwa mtu, omba ruhusa. Ukwaju ulio katika maganda utaupata Kongowea kwa bei nafuu. Ule uliokandwa ukawa donge haufai kwa sababu hujui umekaa muda gani. Mabuyu nayo nunua yale meupe, yaliyotoka kwenye kibuyu bila kupikwa. Mabuyu ya rangi nyekundu wanayopenda watoto yameshachemshwa katika sukari, hayaoti. Kwa mbegu za miti adimu, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ina kituo Gede, Kilifi. Ni mwendo, lakini watu wa huko huzijua mbegu za pwani.

Zikague mbegu. Yenye tundu dogo la mdudu itupe. Mbegu za mkwaju na mbambakofi zilizobaki hukaa miezi mingi zikiwa kavu, kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mahali pasipo joto. Za matunda yenye majimaji kama mbungo hazistahimili kukaushwa: zioshe na kuzipanda siku hiyo hiyo unapokula tunda.

Udongo wa kitalu na chombo

Changanya karai mbili za udongo wa juu, karai moja ya mchanga wa mtoni, na karai moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza mpaka haina harufu. Mchanga wa baharini usiutumie hata ukiuosha, kwani mwingi ni vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa tena juu ya chokaa. Kama udongo wako ni mzito, ongeza vumbi la makumbi ya nazi lililolowekwa na kumwagwa maji mara mbili tatu ili kuondoa chumvi.

Sasa chombo. Kwa miti yenye mzizi mrefu mimi hutumia chupa za soda za lita 2. Kata kitako chote, igeuze mdomo uwe chini, ondoa kizibo, weka kifusi kidogo shingoni ili udongo usimwagike, kisha jaza. Toboa matundu manne upande wa chini. Chupa ni angavu, na mizizi haipendi mwanga, kwa hiyo ifunike kwa gazeti au kitambaa cheusi. Siku ukitaka kujua mzizi umefika wapi, unafunua na kutazama bila kuung'oa mche.

Usiziweke chupa juu ya ardhi. Zisimamishe kwenye kreti lililoinuliwa juu ya matofali, ili midomo ielee hewani. Mzizi ukifika mdomoni na kukutana na hewa kavu, ncha yake hukoma, na mche hutoa vijimizizi pembeni badala ya kuzunguka. Chombo kilichokaa chini ardhini hufanya kinyume: mzizi hutoboka na kuingia udongoni, na siku ya kuhamisha utaukata.

Paketi za maziwa zinafaa kwa kivumbasi, mboga na subili. Zitoboe chini.

Kitalu kiwe chini ya kivuli cha makuti kinachopitisha nusu ya jua. Na kizungushie wavu, kwa sababu mbuzi wa mtaani hawabagui, na kunguru hung'oa miche michanga ili aone kuna nini chini yake.

Mbambakofi

Ganda lake ni gumu kama ubao. Ndani yake mbegu zimepangwa safu, nyeusi zinazong'aa, kila moja na kikofia chekundu. Watoto huzipenda kwa mapambo. Kikofia hicho kitoe chote kwa kisu butu, kwa sababu kikibaki huoza na kuvutia sisimizi na ukungu. Kisha kwaruza ganda la mbegu kwenye sakafu ya saruji, upande ulio mbali na palipokuwa na kikofia, mpaka uone weupe kidogo. Loweka kwa maji ya kawaida usiku mmoja. Zilizovimba ziko tayari. Zisizovimba zikwaruze tena.

Panda mbegu moja kwa kila chupa, upande uliokuwa na kikofia ukitazama chini, kwa kina cha sentimita 2 hivi. Mwagilia, kisha uache. Wiki mbili hadi tatu utaona majani mazito ya mwanzo yakiinuka. Tangu hapo maji ni mara moja kwa siku mbili, na tia kidole kwanza: kama udongo wa chini bado ni baridi na unyevu, ngoja. Miche mingi ya kienyeji inayokufa vitaluni hufa kwa maji mengi, wala si kwa kiu.

Miezi mitatu inatosha. Mche wa urefu wa kalamu wenye mzizi ulionyooka utaupita ule wa futi tatu uliokaa kopo.

Mkwaju na mbuyu

Mkwaju ni mwepesi. Osha mbegu mpaka utelezi uishe, zitie katika bakuli la maji vuguvugu usiku kucha, panda kwa kina cha sentimita moja na nusu. Ndani ya wiki mbili nyingi zimeota. Ukuaji wa mwanzo ni wa polepole, na majani madogo hujikunja usiku; usidhani unanyauka. Mkwaju wa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, basi upande kwa ajili ya kivuli na ndege, na ukwaju wa futari endelea kununua kwa sasa.

Mbuyu uoteshe ikiwa una shamba Kwale au Kilifi, au skuli yenye uwanja mkubwa. Mbegu yake imefungwa kwa ganda gumu mno. Mimina maji yaliyochemka juu ya mbegu katika sufuria iliyokwisha epuliwa motoni, ziache zipoe humo siku nzima, kisha panda. Kuota kwake hakuna mpango: moja wiki ya pili, nyingine mwezi wa pili. Usimwage udongo mapema. Majani machanga ya mbuyu ni mboga, na mwenye nafasi ndogo anaweza kuutunza katika chungu kikubwa kwa miaka akichuma majani tu.

Bila mbegu: vipandikizi, watoto na kulaza tawi

Kivumbasi ndicho mwalimu mzuri wa mtu anayeanza. Kata ncha ya tawi lisilo na maua, urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, chomeka katika mchanga wa mtoni wenye unyevu, funika kwa chupa iliyokatwa. Siku kumi hadi kumi na tano inatosha kutoa mizizi. Panda kivumbasi karibu na dirisha la chumba cha kulala. Wazee wetu walichoma majani yake kufukuza mbu, na uani nyuki hawakiachi.

Subili za porini huzaa watoto kando ya mama. Mtenganishe mtoto kwa kisu safi akiwa na mizizi yake, kisha mweke kivulini siku nne au tano bila maji mpaka kidonda kikauke. Ukimpanda siku hiyo hiyo ataoza. Nunua au omba kwa mtu aliyeotesha mwenyewe. Subili za porini zinalindwa na makubaliano ya kimataifa ya CITES, na vichaka vingi vya pwani vimeshachimbwa vikabaki wazi.

Waridi la jangwani, lile la shina nene na maua ya waridi ya kiangazi, huota kwa tawi au mbegu. Tawi ni rahisi, lakini mche wake hautapata ile tumbo nene ya chini inayowavutia watu. Kwa hiyo mimi napendelea mbegu. Maganda yake hukomaa mawili mawili kama pembe. Yafunge kwa kipande cha wavu kabla hayajapasuka, kwa sababu mbegu zina manyoya na upepo huzichukua zote asubuhi moja. Zikiwa mpya huota ndani ya wiki. Utomvu wake ni sumu: osha mikono, na usiupande mahali watoto wanapocheza.

Kwa mimea inayotambaa kama mwafu, yaani jasmini mwitu, laza tawi refu chini likiwa bado limeshikana na mama, likwaruze kidogo upande wa chini, lifukie sehemu hiyo na uweke jiwe juu. Miezi miwili ya mvua, kata.

Mkindu hutoa machipukizi pembeni ya shina, na ukiweza kuchimba moja lenye mizizi yake masika yakianza, umeokoa muda. Mbegu zake huchukua miezi miwili au mitatu. Asukaye mikeka anajua kwa nini angojee.

Mboga za kienyeji mlangoni

Mgagani usihamishwe. Changanya mbegu zake ndogo na mchanga mkavu, zimwage katika mistari, funika kwa udongo mwembamba sana. Mbegu zilizovunwa jana hukataa kuota. Zihifadhi miezi mitatu hivi ndipo uzipande. Wiki ya nne unachuma, na ukichuma ncha mara kwa mara hauwahi kutoa maua.

Mchunga, ambao Mijikenda huuita mutsunga, huota kwa kipande cha mzizi. Mzizi wa urefu wa kidole, ulazwe sentimita 3 chini, basi. Uweke katika karai kuukuu au debe, maana ukiuachia ardhi utakuta umetokea mpaka chini ya baraza. Uchungu wake hupungua ukichemshwa na kumwagwa maji, kisha tui la nazi hufanya yaliyobaki.

Siku ya kupanda

Mwezi mmoja kabla, anza kuuzoesha mche: sogeza kreti kwenye jua la asubuhi, baadaye la siku nzima, na punguza maji taratibu. Majani yatakuwa magumu na madogo. Ni vizuri.

Chimba shimo la futi mbili kwa mbili. Ukigonga jiwe, usihame bado. Chukua mtaimbo uugonge chini ya shimo mahali mbalimbali; matumbawe yana mifuko na nyufa, na mara nyingi utasikia sauti ikibadilika kuwa ya uwazi. Hapo ndipo pa kuvunja. Ufa wa upana wa mkono unamtosha mbambakofi. Kama jiwe ni zima kabisa, sogea mita moja ujaribu tena. Kisha mwaga ndoo nzima ya maji shimoni utazame. Yakitoweka ndani ya nusu saa, mzizi nao utapata njia. Yakisimama mpaka kesho yake, kama inavyotokea Changamwe, panda juu ya kichuguu cha udongo badala ya shimoni.

Rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na nusu debe ya samadi iliyooza, si zaidi. Shimo lililojazwa mbolea tamu humfanya mzizi asitake kutoka. Pasua chupa kwa mkasi kutoka juu hadi chini, shusha mche na udongo wake bila kuutikisa, shina likae kina kile kile lilichokaa chupani. Tandaza majani makavu au makumbi kuuzunguka, ukiacha upana wa kiganja bila kitu karibu na shina, la sivyo mchwa watapanda. Kama uko karibu na ufuo, simamisha kuti upande wa bahari: kusi hubeba chumvi, na majani machanga huungua.

Kiangazi cha kwanza na cha pili

Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kwa mche wa mwaka wa kwanza. Tafuta ya mvua, ya mfereji, au yaliyooshea mchele. Toa lita 10 mara mbili kwa wiki, polepole, badala ya kikombe kila jioni. Maji machache ya kila siku hulowesha juu tu, na mzizi hubaki huko huko juu yanapopatikana. Chupa iliyotobolewa kitundu kimoja na kufukiwa nusu kando ya mche hufanya kazi hiyo vizuri.

Kiangazi cha pili, toa mara moja kwa wiki mbili. Cha tatu, usitoe.

Mbambakofi atakutisha wakati huo, kwa sababu hupukutisha majani yote ukame ukizidi na kubaki kijiti. Wengi huung'oa wakidhani umekufa. Kwaruza gome kwa ukucha, karibu na ardhi. Ukikuta kijani chini yake, weka ndoo chini uende zako. Majani mapya, mekundu kama shaba, hutoka kabla hata mvua haijanyesha.